Nyumba Moja, Bendera Mbili: Ethiopia Chini ya Waitalia

Desemba 1936, katika mji wa Fiche kaskazini mwa Addis Ababa, ndugu wawili waliteremka kutoka mafichoni kuja kuweka silaha chini. Aberra na Asfawossen Kassa walikuwa watoto wa Ras Kassa Hailu, mmoja wa wakuu waliokuwa karibu mno na Mfalme Haile Selassie, na kwa miezi kadhaa walikuwa wamewanyima Waitalia usingizi. Jenerali Ruggero Tracchia aliwaahidi usalama. Aliyetumwa kuwatoa wasiwasi alikuwa Mwethiopia mwenzao, mzee wa nasaba: Ras Hailu Tekle Haymanot wa Gojjam. Vijana wakaamini neno la mzee. Tarehe 21 Desemba waliuawa, na vichwa vyao vikaanikwa hadharani ili kila mpita njia avione.

Aberra aliacha mjane, Kebedech Seyoum. Mama huyo hakukaa matanga. Alikusanya wapiganaji wa mumewe, akashika bunduki na kuingia porini. Baba yake mzazi, Ras Seyoum Mengesha wa Tigray, alikuwa amekwisha kujisalimisha kwa Waitalia wale wale waliomuua mkwewe. Binti yuko porini, baba yuko mikononi mwa adui: ndivyo zilivyogawanyika nyumba nyingi za wakubwa wa Ethiopia kati ya 1936 na 1941. Vita vilipokwisha, swali la nani alikuwa mzalendo na nani kibaraka liliwapa taabu hata wale waliokuwa na mamlaka ya kulijibu.

Vita vyenyewe vilianza tarehe 3 Oktoba 1935 bila kutangazwa, majeshi ya Benito Mussolini yalipovuka mto Mareb kutoka koloni lao la Eritrea. Italia ilikuja kulipa kisasi cha miaka 39. Mnamo Machi 1896, huko Adwa, Mfalme Menelik II wa Ethiopia alikuwa amewapiga Waitalia kipigo ambacho Ulaya nzima ilikizungumza. Safari hii walikuja na ndege, vifaru na gesi ya sumu, silaha ambayo Italia yenyewe ilikuwa imetia saini mkataba wa kuipiga marufuku. Tarehe 31 Machi 1936 jeshi la Mfalme lilivunjika Maychew. Tarehe 2 Mei Haile Selassie alipanda treni kwenda Djibouti, na kutoka huko akaelekea Jerusalem, kisha Uingereza. Kwa siku tatu mji mkuu uliachwa bila mwenyewe. Watu wakapora maduka na kuchoma nyumba. Tarehe 5 Mei Marshali Pietro Badoglio akaingia Addis Ababa, na siku nne baadaye Mussolini akautangazia umati wa Roma kwamba Italia imepata himaya.

Tangazo hilo lilikuwa na haraka. Waitalia walishika miji mikubwa na barabara kuu, lakini sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa nchi haikuwa imeona hata mguu wa askari wao. Huko Wollega, makadeti wa chuo cha kijeshi cha Holeta pamoja na vijana waliosoma ng'ambo waliunda kikundi walichokiita Simba Weusi. Kiongozi wao, Alemework Beyene, alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea Uingereza. Kikundi kilijiwekea kanuni: uongozi wa kiraia uwe juu ya ule wa kijeshi, mkulima asinyanyaswe, mateka asiteswe. Mwishoni mwa Juni 1936 ndege tatu za Kiitalia zilitua Bonaya, karibu na Nekemte, zikiwa na maofisa waliokuja kupokea utii wa wakuu wa magharibi. Usiku Simba Weusi wakawavamia, wakaziteketeza ndege na kuwaua karibu wote, akiwamo Jenerali Vincenzo Magliocco wa jeshi la anga.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Addis Ababa. Tarehe 28 Julai, katikati ya masika ya huko, makamanda Aberra Kassa, Abebe Aregai na Fikre Mariam waliushambulia mji kutoka pande mbalimbali. Mipango yao haikuoana. Mito ilikuwa imefurika, kila kikosi kiliingia kwa saa yake, na Waitalia wakapata nafasi ya kuwarudisha nyuma mmoja mmoja. Aliyekuja pamoja na washambuliaji kuhamasisha wenyeji alikuwa Abuna Petros, askofu wa Kanisa la Orthodox. Alikamatwa, akatakiwa awalaani wapiganaji na kuwaita waasi. Akakataa, akawalaani wavamizi badala yake. Walimpiga risasi mbele ya watu. Walidhani wamelinyamazisha Kanisa, kumbe walikuwa wamelipa shahidi, na jina lake lilitembea vijijini kwa kasi kuliko amri yoyote ya serikali mpya.

Mussolini alikuwa amekwisha kuagiza tangu Juni kwamba muasi yeyote atakayekamatwa apigwe risasi. Hata hivyo, nchi yenye milima ile na watu wengi vile haikuweza kutawalika kwa bunduki peke yake. Walihitajika wenyeji wa kukusanya kodi, kuamua kesi, kutafsiri amri, kuonyesha njia za milimani. Na walipatikana.

Wa kwanza alijitokeza vita vikiwa bado vibichi. Dejazmach Haile Selassie Gugsa wa Tigray ya mashariki, aliyewahi kuwa mkwe wa Mfalme hadi mkewe, binti wa Mfalme, alipofariki, alivuka upande wa Waitalia mnamo Oktoba 1935 pamoja na watu wapatao 1,200. Kinyongo chake kilikuwa cha kiti: aliona Tigray yote ni haki yake, na Mfalme amempendelea Ras Seyoum. Ras Hailu wa Gojjam naye alikuwa na kisa chake. Tangu 1932 alikuwa kifungoni kwa kuhusishwa na kutoroka kwa Lij Iyasu, mfalme aliyepinduliwa, na mali yake nyingi ilikuwa imetaifishwa. Kwake yeye ujio wa Waitalia ulimaanisha mwisho wa kifungo. Huko Jimma, Abba Jobir, wa ukoo wa kifalme wa Kioromo, alikuwa amevuliwa madaraka na kufungwa na serikali ya Addis Ababa; Waitalia walimrudishia usultani.

Mifano hii inagusa jambo ambalo historia za kishujaa hupenda kulipita. Ethiopia ya 1936 ilikuwa yenyewe himaya. Kwa Waoromo, Wasidama na wengine wa kusini waliotekwa na Menelik nusu karne tu nyuma, walowezi wenye bunduki kutoka kaskazini na mashamba yaliyochukuliwa vilikuwa kumbukumbu za wazazi wao. Katika mwaka huo wa 1936 baadhi ya viongozi wa Kioromo wa magharibi waliwaomba Waingereza wawachukue chini ya uangalizi wao, wasirudi kwa Mfalme wala wasiangukie kwa Mussolini. Waislamu nao, waliokuwa wamewekwa pembeni kwa muda mrefu na dola ya Kikristo, walijengewa misikiti, wakafunguliwa shule za Kiarabu, wakaruhusiwa mahakama zao. Roma ilifanya hivyo kwa hesabu zake za kuwagawa watu, na bado aliyejengewa msikiti aliuingia akasali.

Wapo pia waliokwenda kwa imani, au kwa kuchoka. Afewerk Gebre Iyesus, mwandishi wa riwaya ya kwanza ya Kiamhari iliyochapishwa Roma mwaka 1908, alikuwa ameishi Italia miaka mingi na kuoa huko. Alishika cheo cha juu cha uhakimu chini ya wakoloni. Mwandishi mwenzake, Heruy Wolde Selassie, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alimfuata Mfalme uhamishoni na kufia katika mji wa Bath, Uingereza, mwaka 1938. Wote wawili walikuwa wametumia kalamu kutaka nchi yao iingie katika dunia ya kisasa.

Chini ya wakubwa hawa walikuwapo maelfu ya wadogo. Waeritrea wapatao 60,000 walipigana wakiwa askari wa Italia katika uvamizi wenyewe. Wengine walijiunga kwa mshahara, wengine kwa kulazimishwa. Ndani ya Ethiopia walikodiwa wapiganaji wasio rasmi walioitwa banda, wakipewa bunduki, posho na ruhusa ya kujitwalia walichokikuta. Banda wengi walikuwa na maadui zao wa zamani kijijini, na vita viliwapa nafasi ya kumaliza kesi za ardhi na damu zilizoanza kabla Mwitalia hajafika. Wengi pia walitoroka na silaha zao mara mshahara ulipochelewa au upepo ulipogeuka. Mtu aliweza kuwa banda kiangazi na mpiganaji wa msituni masika, kisha akarudi tena alikotoka.

Kisa maarufu kuliko vyote vya miaka hiyo kilifanywa na watu waliokuwa, kwa sura ya nje, upande wa Waitalia. Abraha Deboch alikuwa kijana wa Eritrea aliyefanya kazi katika ofisi za watawala kama mkalimani. Rafiki yake Moges Asgedom naye alitoka Eritrea. Tarehe 19 Februari 1937, siku ya 12 ya mwezi wa Yekatit kwa kalenda ya Ethiopia, Mtawala Mkuu Rodolfo Graziani aliwaita maskini wa mji katika uwanja wa jumba la Genete Leul kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wa mwana wa mfalme wa Italia. Kila maskini angepewa reale mbili za fedha za Maria Theresa, sarafu ile ile iliyojulikana pia katika masoko ya Zanzibar na Lamu. Mstari ulikuwa mrefu wa vipofu, vilema, wajane na wazee. Karibu na saa sita mchana mabomu ya mkono yakaanza kuanguka ngazini. Graziani alijeruhiwa kwa vipande vingi, Jenerali Aurelio Liotta wa jeshi la anga akapoteza mguu. Inasimuliwa kwamba kabla ya kutoka nyumbani asubuhi hiyo, Abraha alitandika bendera ya Italia sakafuni, akaichoma kwa singe na kuifunga bendera ya Ethiopia juu yake.

Wawili hao walichukuliwa na Simeon Adefris, mwenye teksi, wakatoka nje ya mji kuelekea monasteri ya Debre Libanos. Simeon alirudi Addis Ababa, akakamatwa, akateswa na kufia gerezani.

Kilichofuata mjini kilidumu siku tatu. Askari waliokuwa uwanjani waliwafyatulia risasi maskini waliokuja kupokea sadaka. Jioni hiyo Guido Cortese, kiongozi wa chama cha Kifashisti mjini, aliwaruhusu wafuasi wake wafanye watakavyo. Raia wa Kiitalia, madereva na vibarua miongoni mwao, walitoka na marungu, visu na mapipa ya petroli. Nyumba za udongo na nyasi zilifungwa kwa nje na kuchomwa, wenyewe wakiwa ndani. Ethiopia ilihesabu waliokufa 30,000. Mtafiti Ian Campbell, aliyetumia miaka mingi kulichunguza tukio hilo, alikadiria 19,000. Taarifa za Waitalia za wakati ule zilitaja idadi ndogo zaidi kwa mbali. Vijana wasomi walitafutwa kwa majina, na masalia ya Simba Weusi yakafutwa. Mamia ya wakuu walisafirishwa kwenda kufungwa Italia, na watu wa kawaida wakapelekwa kambi ya Danane kwenye pwani ya Somalia, ambako joto, njaa na maradhi viliwamaliza.

Kisha zikafuata amri nyingine. Graziani aliagiza wakamatwe na kuuawa wapiga ramli, watabiri na malenga wa barabarani, kwa sababu walikuwa wakizunguka sokoni na kutabiri kwamba utawala wa Waitalia uko mbioni kuisha. Mwezi Mei Jenerali Pietro Maletti alifika Debre Libanos, monasteri yenye heshima kubwa kuliko zote za jimbo la Shewa, kwa shutuma kwamba iliwahifadhi Abraha na Moges. Watawa walipakiwa malorini na kupigwa risasi bondeni; baada ya siku chache wakafuata mashemasi. Graziani aliripoti Roma kuwa wameuawa 449. Uchunguzi wa Campbell na mwenzake Degife Gebre-Tsadik, uliofanyika miaka mingi baadaye, uliweka idadi kati ya 1,423 na 2,033.

Ikiwa shabaha ilikuwa kuwatia watu woga, matokeo yalikuwa kinyume. Wakulima wa Gojjam, Lasta na Begemder, ambao wengi wao walikuwa wameupokea utawala mpya kwa kunyamaza, waliinuka kuanzia nusu ya pili ya 1937. Habari za Debre Libanos ziliwafika pamoja na amri ya kusalimisha bunduki, na katika nyanda zile bunduki ilikuwa heshima ya mwanamume na kinga ya shamba lake. Huko Gojjam alijitokeza Negash Bezabih, wa ukoo wa kifalme ule ule wa Ras Hailu. Alijitokeza pia Belay Zeleke, mtu asiye na nasaba ya kutaja, aliyekulia katika uhalifu wa milimani baada ya baba yake kuuawa, na ambaye kwa ujasiri wake alijipatia jeshi na eneo la kutawala. Mwishoni mwa mwaka Roma ilimwondoa Graziani na kumleta Amedeo, Duke wa Aosta, aliyejaribu mkono mlaini zaidi: vyeo kwa machifu, misamaha, kurejesha baadhi ya wafungwa. Ras Seyoum alikuwa mmoja wa waliorudishwa Tigray.

Wapiganaji wa msituni, walioitwa arbenyoch, hawangedumu bila watu wa mjini. Makarani, wapishi, watumishi wa ndani, makahaba na mapadre waliofanya kazi chini ya pua ya Waitalia walipitisha taarifa, risasi, dawa, nguo na vibali vya kusafiria. Shewareged Gedle, mwanamke mwenye mali, alitumia utajiri wake kuendesha mtandao wa namna hiyo akiwa Addis Ababa. Aligunduliwa, akateswa, akapelekwa kifungoni katika kisiwa cha Asinara nchini Italia. Aliporudishwa hakutulia nyumbani. Alijiunga na wapiganaji na kushiriki kuiteka ngome ya Addis Alem, magharibi mwa mji mkuu, iliyowapa silaha nyingi.

Kazi hii ya ndani ilikuwa na sharti moja gumu: lazima uonekane kibaraka. Karani aliyepeleka orodha ya malori msituni ndiye aliyesalimia kwa mkono wa Kifashisti asubuhi. Jirani aliyemwona akisalimia hakujua habari ya orodha. Adui alipoondoka, kila aliyewahi kupokea mshahara wa Waitalia aliweza kudai kwamba alikuwa mtu wa ndani wa wapiganaji, na mara nyingi shahidi pekee alikuwa amekwisha kufa.

Hata makamanda walicheza mchezo huo. Abebe Aregai, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Addis Ababa kabla ya uvamizi, alipigana Shewa kwa miaka mitano mfululizo bila kukamatwa. Mwaka 1940, akiwa amechoka na kuishiwa, alifungua mazungumzo na Jenerali Guglielmo Nasi. Barua zikaenda na kurudi, mapigano yakapoa, na Abebe akapata muda wa kupumzisha watu wake na kujikusanya upya. Wapinzani wake walisema alikuwa karibu kuuza. Wafuasi wake walisema alikuwa akimchezea Mwitalia. Vita vya Ulaya vilimwondolea haja ya kuthibitisha.

Na mkulima? Yeye alilisha pande zote. Mchana alifika banda kudai ng'ombe kwa jina la serikali, usiku alifika mpiganaji kudai nafaka kwa jina la Mfalme. Kijiji kilichowapokea wapiganaji kilichomwa na Waitalia. Kilichowakataa kiliadhibiwa na wapiganaji. Baadhi ya makamanda wa msituni walijijengea vijifalme vyao na kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya mipaka. Mkulima aliyemwonyesha Mwitalia njia ili kijiji chake kisichomwe alikuwa amefanya usaliti kwa kipimo cha yeyote, na alikuwa ameokoa watoto wake.

Afrika Mashariki ilikifuatilia kisa hiki tangu mwanzo. Jomo Kenyatta, akiwa London mwaka 1935, alikuwa katibu wa jumuiya ya Waafrika marafiki wa Uhabeshi pamoja na akina C. L. R. James na Amy Ashwood Garvey. Wakimbizi wa Kiethiopia waliovuka mpaka wa kusini, pamoja na askari wa Eritrea waliotoroka jeshi la Italia, walipokewa katika kambi za Isiolo na baadaye Taveta. Mussolini alipotangaza vita dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940, mpaka wa Kenya uligeuka mstari wa mbele. Mapema 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalisonga kutoka Kenya. Ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Kismayu ilianguka Februari, Mogadishu mwezi huo huo, Harar Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Duke wa Aosta alijisalimisha Amba Alagi mwezi Mei, akapelekwa Kenya akiwa mfungwa, akafa Nairobi Machi 1942 na kuzikwa Nyeri, ambako kaburi lake liko hadi leo katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia.

Askari wa KAR aliyetembea kutoka Garissa hadi nyanda za Ethiopia alikwenda kuikomboa nchi ya Kiafrika iliyovamiwa na Mzungu, kwa amri ya Mzungu aliyekuwa ameivamia nchi yake mwenyewe. Upande wa pili wa bunduki, mara nyingi, alikuwako Mweritrea au Msomali aliyevalishwa sare ya Italia. Walipokutana katika vita, kila mmoja alikuwa mtumishi wa mtawala mgeni.

Haile Selassie alikuwa amevuka mpaka wa Sudan tarehe 20 Januari 1941, akisindikizwa na kikosi kidogo cha ofisa wa Kiingereza Orde Wingate na wapiganaji wa Gojjam. Huko Debre Markos, Ras Hailu ndiye aliyeachiwa mji Waitalia walipoondoka. Aliukabidhi kwa Mfalme aliyemfunga miaka tisa nyuma. Mfalme aliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Badoglio alipoingia. Waingereza walikuwa wakihofia maisha ya maelfu ya raia wa Kiitalia waliobaki mjini, na katika hotuba yake Mfalme aliwataka watu wake wasilipe ukatili kwa ukatili. Kulipiza kisasi kwa jumla, kama kule kulikotazamiwa, hakukutokea.

Hukumu za baadaye hazikufuata mizani moja. Haile Selassie Gugsa alihukumiwa kifo, kisha akabadilishiwa kifungo. Afewerk Gebre Iyesus alipelekwa Jimma chini ya ulinzi na kufia huko mwaka 1947, akiwa kipofu. Abba Jobir alirudishwa gerezani. Ras Hailu aliwekwa chini ya ulinzi Addis Ababa hadi alipokufa, bila kunyongwa. Ras Seyoum, aliyekuwa amegeukia upande wa Waingereza mambo yalipoharibika kaskazini, alirudishiwa ugavana wa Tigray. Mfalme alihitaji watu wanaojua kuendesha ofisi na majimbo, na wengi waliobaki hai wenye ujuzi huo walikuwa wameupata, au wameuendeleza, chini ya Waitalia. Wapiganaji waliorudi kutoka milimani na kuwakuta madawatini watu waliowawinda walinung'unika waziwazi. Belay Zeleke alipewa madaraka madogo kuliko alivyoyaona kuwa stahili yake, akagombana na serikali, akashika silaha tena, akakamatwa. Mwaka 1945 alinyongwa hadharani Addis Ababa. Kuwa shujaa wa vita hakukumkinga, kwa kuwa kosa lililomfikisha hapo lilikuwa kutomtii Mfalme.

Kwa upande wa Italia hesabu ilikuwa fupi. Mwaka 1946 Ethiopia iliwasilisha madai yake ya hasara: watu 760,300 waliokufa tangu uvamizi, wakiwamo 78,500 waliouawa katika mapigano ya miaka mitano ya ukaliaji na 24,000 walionyongwa au kupigwa risasi kwa amri za mahakama za papo kwa papo. Hakuna Mwitalia hata mmoja aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa kwa hayo. Graziani alishtakiwa nchini kwake, akahukumiwa miaka 19 mnamo 1950 na kuachiwa baada ya miezi michache. Kosa aliloonekana kuwa nalo halikuwa Addis Ababa wala Debre Libanos. Lilikuwa kushirikiana na Wajerumani walioikalia Italia tangu 1943.

Jumba la Genete Leul lilirudi kuwa makao ya Mfalme. Desemba 1960, Mfalme akiwa ziarani Brazil, maofisa wa kikosi chake cha ulinzi walijaribu kumpindua, wakawafungia mawaziri na wakuu wa nchi ndani ya ukumbi wa jumba hilo. Mapinduzi yaliposhindwa, waliwamiminia risasi mateka wao kabla ya kukimbia. Kati ya waliokufa humo alikuwamo Ras Abebe Aregai, kamanda aliyepigana Shewa miaka yote mitano, na Ras Seyoum Mengesha, baba yake Kebedech, aliyejisalimisha mwaka wa kwanza. Waasi hawakuuliza nani alikuwa nani mwaka 1936. Kwao wote wawili walikuwa watu wa serikali ile ile. Mwaka uliofuata Mfalme alilitoa jumba hilo liwe chuo kikuu, na hadi leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa wanapita kila siku mbele ya ngazi zile zile zilizorushiwa mabomu na Abraha na Moges.